Benchi la Seneti

Kinyozi wa Marani hakunyoa kichwa kabla ya kukigawa. Tangu uchaguzi wa mwaka sitini na tatu, upande wa kulia aliuita Bunge la Wawakilishi. Akishaumaliza alipuliza nywele kwenye mashine yake ya mkono, akaifuta pajani, kisha akawageukia wateja waliosubiri zamu kwenye benchi. Hao ndio waliokuwa Seneti. "Wawakilishi ni wengi, kila eneo na wake," alieleza kwa sauti yake ya puani, "lakini seneta ni mmoja tu kwa wilaya nzima ya Kisii. Wengi wana haraka. Haya, waheshimiwa, mnapitisha?" Benchi lilichungulia, likaamuru: punguza hapo juu ya sikio. Naye alipunguza, bila ubishi.

Machogu alikikalia kile kiti siku moja baada ya redio kutangaza kwamba Seneti imevunjwa, limebaki bunge moja. Mchana huo alikuwa anakwenda ukweni, kwa hiyo alitaka kichwa cha heshima. Kinyozi alinyoa kulia, akapitiliza hadi kushoto, bila kupuliza wala kumgeukia mtu. Machogu alipopewa kioo aliruka. Sikio moja lilizungukwa na kichaka, jingine limeachwa uchi.

Kinyozi aliligeukia benchi kwa hasira. "Mlikuwa mnaona, na mkanyamaza?"

"Sisi si tulivunjwa jana?" akajibu mzee Ondieki kutoka benchini.