Udongo wa Mtoto wa Kwanza

Huko Ekerenyo watu wana neno moja tu juu ya Okemwa mwana wa Machogu: kwamba alikataa kumtupia baba yake udongo. Mtoto wa kwanza, msomi wa misheni, alisimama kando ya kaburi akampa mdogo wake jembe. Mwaka jana, hamsini na sita, tulipopata habari kwamba amefia Tanganyika kwenye shamba la mkonge, niliwasikia wakilirudia neno hilo dukani kwangu. "Ndiyo malipo yake," walisema. Nikawapimia chumvi nikanyamaza, maana Okemwa mwenyewe aliniomba ninyamaze. Sasa amekufa, na mimi nimechoka kunyamaza.

Naitwa Shueib, mwana wa Osman. Sisi ni Waislamu wa mjini Kisii, na kazi yetu ni chumvi na ngozi. Okemwa nilimjua tangu utotoni, kwa sababu baba yake ndiye aliyekuwa akituletea ngozi kutoka pande za Ekerenyo, na wazee wetu walipendana ijapokuwa mmoja alifunga duka Ijumaa na mwingine hakugusa kazi Jumamosi.

Mwaka wa thelathini na nane walikuja dukani wote wawili, baba na mwana, wamelowa chapachapa. Baba yangu alimtolea mzee Machogu kikoi kikavu abadilishe. Mzee akakishika tu, akasimama. Kisha akamwambia mwanawe, "Okemwa, enda nje." Na mvua ilikuwa bado inanyesha! Kijana akatoka, akasimama chini ya ukingo wa bati, maji yakimdondokea shingoni, mpaka mzee alipomaliza kuvaa. Mimi nilicheka. Baba akanikata jicho.

"Usicheke, mtoto," Machogu aliniambia. "Kwetu iko chinsoni. Ni haya ya baba na mtoto. Yeye haoni mwili yangu, mimi sioni yake. Hata mtoni, kama yeye anaoga leo, mimi naoga siku ingine."

Tukaitikia kwa adabu, tukamletea maziwa ya moto, maana Msabato hanywi chai. Basi, jambo likaishia hapo. Hadi leo nikiikumbuka asubuhi ile napandwa na hasira. Jibu la kile walichokuja kuuliza lilikuwa limesimama mlangoni linalowa, na sisi sote tuliokuwa ndani, watu wazima na akili zetu, tukalipita.

Walichokuja kuuliza kilikuwa hiki. Okemwa alikuwa amefaulu vizuri kuliko kijana yeyote wa milima ile, na mwalimu wake alikuwa amemfungulia milango miwili. Mmoja ulikuwa shule ya udaktari Kampala. Wa pili ulikuwa hospitali ndogo ya misheni upande wa Magwagwa, ambako walikuwa wakifundisha madresa, yaani wasaidizi wa daktari. Huko walichukua kijana mmoja tu kwa mwaka, na nyuma ya Okemwa alikuwepo Mkipsigis kutoka Kericho akingoja nafasi hiyo hiyo. Jibu lilitakiwa wiki ile ile. Baba yangu alikuwa amefika Kampala wakati wa vita vya kwanza, kwa hiyo Machogu alimwona kama mtu wa kuuliza.

"Hiyo Kampala, Osman, iko mbali namna gani?"

"Mpaka Kisumu, halafu meli ya ziwani, halafu bado. Lakini Machogu, mtume kijana. Elimu tunaambiwa tuifuate hata China."

"China hakuna mtu ya Ekerenyo amezikwa huko," mzee akajibu, na baba akacheka, lakini Machogu hakucheka. "Mimi naanza kuzeeka. Iko kitu ndani yangu haiko sawa, nasikia. Nataka daktari yangu akae karibu. Na nikikufa, nani atanitupia udongo ya kwanza? Huyu ndiye mtoto wa kwanza. Kwetu maiti haingoji meli."

"Akirudi kutoka Kampala atakuwa daktari kamili. Wa Magwagwa ni dresa tu."

"Nyinyi Waswahili munasema fimbo ya mbali haiui nyoka. Munasema ama hamusemi?"

Baba akakiri kwamba tunasema. Methali zetu zina tabia hiyo, kumsaidia yeyote anayezikopa.

Mimi nilitoka nje na Okemwa. Nikamuuliza yeye mwenyewe anataka wapi. Alikuwa kijana wa maneno machache, mrefu, na Kiswahili chake kilikuwa cha vitabu.

"Kampala," alisema papo hapo, kama mtu aliyebanwa siku nyingi. "Kampala watanifundisha kupasua. Magwagwa watanifundisha kufunga vidonda."

"Basi mwambie mzee."

Akatazama barabara. "Nikienda, naye afe nikiwa huko, nitakuwa daktari wa nani? Kutoka hospitali ile unaona moshi wa jikoni kwetu, Shueib. Mama akiugua wanapiga kelele tu, nashuka."

Akaenda Magwagwa. Yule kijana wa Kericho akarudi kwao.

Alisoma, akawa dresa, na alikuwa hodari kweli. Nilikuwa napita huko kununua ngozi na kila mara namkuta amevaa kanzu nyeupe fupi, kucha safi, anatembea wodini kama mwenye nyumba. Wagonjwa kutoka mbali walimpenda. Shida ilikuwa watu wa kwao. Siku moja nilikuwa naye mlangoni alipofika mwanamke mjamzito ameshikwa na uchungu, anaegemezwa na mwenzake. Mwanamke aliinua uso, akamwona Okemwa, akajifunika shuka mpaka kichwani. Wakageuka. Okemwa aliwaita kwa Kigusii, akawasihi, akawafuata hadi kwenye kijito. Hawakusimama.

"Ni nani yule?" nikamuuliza.

"Mke wa binamu ya baba. Ni mama yangu."

"Mama yako ni Gesare."

"Ni mama yangu vilevile," alisema. "Wote wa rika la mzee ni baba zangu, na wake zao ni mama zangu. Mlima ule wote umejaa mama zangu, Shueib, na hakuna hata mmoja ninayeweza kumshika."

Alikuwa amekwenda kwa daktari wa misheni, Mzungu, kuomba ahamishwe, hata kama ni kwa Wakipsigis au kwa Wajaluo. Yule Mzungu akacheka kwa upole akamwambia kwamba watu hufurahi kutibiwa na mtu wao. Okemwa hakujua aanzie wapi kumweleza. Akanyamaza. Kunyamaza ndiyo iliyokuwa tabia yake mbaya, kama ninaruhusiwa kumsema marehemu.

Vita vya pili vikaja. Jeshi likawachukua madresa wengine wote, na yule Mzungu akawa anahudumia hospitali mbili, hii yetu na nyingine ya mbali. Masika ya mwaka wa arobaini na tatu yalipochukua madaraja, yeye alikuwa ng'ambo huko. Hospitali ikabaki na Okemwa, na mimi nilikuwa nimekwama pale na punda wangu na ngozi zinazoanza kunuka.

Asubuhi moja walimleta mzee Machogu kwa machela. Mkojo ulikuwa umemfunga tangu siku kadhaa, naye alikuwa ameficha kwa haya mpaka akashindwa kusimama. Tumbo lilikuwa limevimba, gumu kama ngoma. Okemwa alitazama mara moja tu, tena juu ya blanketi, akajua. Akachemsha maji, akatoa mpira mwembamba wa kutolea mkojo. Alikuwa ameifanya kazi hiyo kwa watu wengi, na wengi wao walirudi kwao kwa miguu yao wenyewe.

Mzee alipouona ule mpira akalishika blanketi kwa mikono miwili.

"Toka."

"Tata," Okemwa alimwambia, na huko ndiko kumwita baba, "ni kazi tu. Nitafumba macho."

"Na mikono yako utafumba?" Alikuwa anatweta. "Kaa ukijua. Hamu aliona uchi ya baba yake Nuhu, na laana ikashika mtoto ya Hamu. Hata Biblia iko na chinsoni. Wewe ukiniona hivi, usinitupie udongo. Umesikia? Usinizike."

Wale waliombeba walikuwa wametoka nje. Wao pia walikuwa wanawe wa ukoo, hakuna aliyefaa. Kumpeleka Kisii haikuwezekana, mto ulikuwa umejaa. Okemwa alisimama katikati ya chumba na ule mpira mkononi, na mimi nilimwona akifikiri. Halafu akasema polepole, "Lakini Shemu na Yafethi, ndugu zake Hamu, waliingia kinyumenyume, wakamfunika baba yao bila kumwona." Akanigeukia. "Shueib. Wewe si mtu wetu."

Nilimwambia ngozi ninazozijua ni za ng'ombe waliokwisha kufa. Hakunisikiliza. Alinisugua mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, akanipa mpira, kisha akaenda akasimama ameelekea ukuta. Mzee akanitazama, akaachia blanketi. Kwangu mimi hakuwa na haya hata kidogo.

"Shika hivi," Okemwa aliuambia ukuta, akionyesha hewani. "Sukuma taratibu. Umefika wapi?"

"Imegonga."

"Imegonga kama nini? Kama ukuta, au kama mlango?"

Nilijuaje mimi? "Kama... imegonga tu."

"Usilazimishe. Mwambie akohoe. Inua kidogo, halafu shusha. Unasikia inalegea?"

Sikusikia kitu. Mkono unaojua ulikuwa ukutani, na mkono usiojua ulikuwa kazini. Nilijaribu, nikajaribu tena, na damu ikatoka. Mzee akapiga yowe. Okemwa akageuka nusu, bega tu, na pale pale baba yake akavuta blanketi akajifunika, akamfukuza kwa Kigusii kwa sauti ambayo sikudhani bado anayo. Tukaacha. Okemwa akatoka akaketi kwenye ngazi, na kule chini, mvua ilipokatika kidogo, moshi wa jikoni kwao ulikuwa unaonekana wazi.

Nilisimama nyuma yake nikamfikiria yule kijana wa Kericho. Huyo angekuwa hapa, angeingia, angefanya, angenawa mikono, na mzee angeomba uji. Okemwa angekuwa Kampala, na baba yake angekuwa hai. Nadhani naye alikuwa anafikiria hilo hilo, kwa sababu aliniambia bila kugeuka, "Niliichukua nafasi ya mtu."

Kesho yake asubuhi mzee hakuwa anajibu tena. Macho yalikuwa yamefumba, anapumua kwa kukoroma, na harufu ya mkojo inatoka kinywani mwake. Okemwa alisimama mlangoni muda mrefu. Kisha akaingia.

"Funga mlango," aliniambia.

Aliondoa blanketi. Mpira ulipita mara ya kwanza, kana kwamba jana hapakuwa na kizuizi chochote, na mkojo ukatoka, mweusi, mwingi, ukajaza beseni. Tumbo likashuka. Nilitaka kushangilia. Nikainua uso, nikaona mzee amefungua macho.

Alikuwa anamtazama mwanawe. Alimtazama usoni, akatazama mikono yake, akamtazama tena usoni. Aligeuza kichwa akaelekea ukuta, ukuta ule ule, na hakukigeuza tena. Jua halijatua, alikuwa amekufa. Sumu ilikuwa imekwisha kuingia damuni, Okemwa aliniambia, tangu jana ilikuwa imeingia.

"Aliniona," akasema.

"Alikuwa amezimia. Hakujua."

"Aliniona, Shueib. Usimwambie mtu."

Tulimpeleka Ekerenyo, wakamzika kesho yake. Walikuja watu wa mlima wote, wale baba zake na mama zake. Mimi nilisimama nyuma na wageni. Sanduku liliposhushwa, mzee wa kanisa alimwita mtoto wa kwanza, na Okemwa akaenda ukingoni. Mtu akampa jembe. Akachota udongo, akauinua, na hapo akasimama. Gesare mama yake alikuwa anamtazama na watu wote walikuwa wanangoja. Nilijua kwamba alikuwa anamtii baba yake kwa mara ya mwisho, na kwamba hakuna mwingine pale atakayelijua hilo kamwe.

Akaumwaga ule udongo miguuni pake mwenyewe. Akampa jembe mdogo wake Ondieki, akarudi nyuma, na minong'ono ikaanza kabla hajafika mahali nilipokuwa nimesimama.