Samaki Anayepumua kwa Mkia

Chekeni sasa hivi tumalizane, maana naona aibu hata kabla sijaanza. Mimi, mwalimu mwenye cheti, niliwahi kuwafundisha watoto wa Sori, kando ya Ziwa Victoria, watoto waliokulia kwenye harufu ya omena, wale dagaa wa ziwani, kwamba samaki hupumua kwa mkia.

Ilikuwa miaka ya tisini, nikisoma chuo cha ualimu huko Migori, na muhula huo tulikuwa tumetawanywa kwenye shule za msingi kufanya mazoezi ya kufundisha, na muhula huohuo (nani hupanga mambo haya, jamani?) timu yetu ya voliboli ya wasichana ikaingia fainali, ya kuchezewa Homa Bay. Mimi ndiye niliyewainulia wenzangu mipira wapige, na niliamini kabisa kwamba bila mimi watapiga hewa. Lakini sheria ya chuo ilikuwa moja: ukianguka kufundisha, huchezi. Kocha wetu, Madam Atieno, alitaka sisi tuliopelekwa upande wa Sori tukutane uwanjani kila jioni bila kukosa. Mkufunzi wa kutukagua, Bwana Okeyo, alitaka andalio jipya la kila somo, na vifaa, na picha zilizopakwa rangi. Kila mmoja aliongea kama mwenzake hayupo duniani!

Basi nikaamua jambo dogo tu. Bwana Okeyo alisema atakuja wiki hiyo ya safari, siku hakutaja (ndivyo walivyo), kwa hivyo nikatayarisha somo moja la samaki, nikanunua ngege sokoni, nikalifundisha Jumatatu. Hakuja. Jumanne nikalirudia lilelile na ngege yuleyule. Hakuja! Watoto wa darasa la tatu wakalishika kama wimbo: macho, matamvua, mkia. Nikawaambia, "Mgeni akikuja mjibu haraka, msiniaibishe."

Jumatano akaja, siku ambayo lori la chuo lilikuwa linazunguka kutuchukua wachezaji. Ngege wangu alikuwa bado amefungwa kwenye gazeti, sijamgusa, lakini harufu ilishatangulia, na darasa zima likapaza sauti, "Ngege!" Bwana Okeyo, aliyeketi nyuma, akainua kichwa. Nikaanza, "Samaki huona kwa kutumia..." "Macho!" Swali lenyewe sijamaliza! Nikaona huyu atajua nimewakaririsha, na hapo ujanja wangu wa uwanjani, ule wa kuangalia kushoto halafu mpira unaenda kulia, ukaniponza. Nikageuza mpangilio.

"Tuanze upya. Samaki hujisukuma kwa kutumia nini?"

"Macho!"

"Huona kwa kutumia nini?"

"Matamvua!"

Nikapaza sauti. "Na hupumua kwa kutumia nini, nyinyi?"

"Mkia!" wakajibu kwa furaha, wengine wamesimama kabisa.

Bwana Okeyo akaja mbele taratibu, akamwinamia mvulana wa dawati la kwanza, Onyango. "Baba yako hufanya kazi gani?"

"Anavua, sir."

"Wewe umewahi kuona samaki anapumua na mkia?"

"Hapana, sir."

"Sasa mbona umesema mkia?"

"Madam alisema ya tatu ni mkia, sir."

Nikatamani sakafu ingekuwa ya matope nizame. Na wakati huohuo honi ikalia langoni, lori limejaa wenzangu wanaimba, na Madam Atieno akachungulia dirishani. "Apiyo! Toka twende!"

"Ameanguka," Bwana Okeyo akamwambia, bila hata kupunguza sauti. "Na hatoki hapa mpaka awarudishie hawa watoto akili walizokuja nazo."

Nilidhani kocha wangu atanipigania, mimi niliyekimbia jioni zote kwa ajili yake. Akamwangalia Bwana Okeyo, akaniangalia mimi, akaangalia lile gazeti, akaziba pua akaenda zake. Lori likaondoka na nyimbo zake, mimi nimeshika samaki, machozi yananilengalenga, na Onyango akainua mkono, mpole kabisa.

"Madam, sasa ya kwanza ni gani?"

Wenzangu walishinda fainali kule Homa Bay. Bila mimi, tena bila kutoa jasho, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Tangu siku hiyo somo nalifundisha mara moja tu, na mkaguzi akija, awasikie watoto wangu wakikosea kwa akili zao wenyewe.