Wayua na Timu ya Wafupi

Wayua Kitheka alizaliwa kijiji cha Tulia, kule Kitui, akacheza mpira wa kikapu mpaka goti lilipomharibikia akiwa chuoni. Daktari alimkataza kuruka. Alimaliza masomo, akaajiriwa kufundisha uhasibu katika chuo kimoja cha ufundi karibu na Emali.

Kocha wa timu ya wanaume alipohamia Nairobi, mkuu wa chuo alimwomba Wayua aishike timu kwa muda.

Siku ya kwanza nahodha, kijana mrefu aitwaye Ndolo, alimtazama akichechemea kuja uwanjani.

"Madam, sisi tumezoea kocha anayekimbia na sisi."

"Mimi sikimbii," Wayua alisema. "Kukimbia ni kazi yenu."

Ndolo akaondoka, na warefu wenzake wakamfuata.

Waliobaki walikuwa wafupi, kwa hivyo Wayua aliwafundisha pasi za chini, za haraka. Aliyezishika upesi zaidi ni Sharmarke, ambaye babake huuza mbuzi pale Emali. Ramadhani ilipofika, Sharmarke alikuwa akiishiwa nguvu jioni. Wayua akahamishia mazoezi alfajiri, kijana akiwa bado na nguvu za daku. Wenzake walinung'unika, lakini walikuja.

Timu ilianza kushinda. Muhula uliofuata Ndolo alirudi.

"Madam, nataka kucheza."

"Karibu. Utaanzia benchi."

"Mpaka lini?"

"Mpaka ujue kumpa mwenzako mpira."

Alikaa hapo karibu muhula mzima, mwanzoni kwa hasira, baadaye akitazama.

Kwenye fainali ya vyuo mjini Kitui, Sharmarke alitolewa baada ya kufikisha makosa matano, na Wayua akamwingiza Ndolo. Mechi ikielekea kuisha, walikuwa nyuma kwa pointi moja. Ndolo alipata mpira karibu na kikapu, walinzi wawili wakamrukia. Akampasia Mulinge, mmoja wa wale wafupi, aliyekuwa peke yake. Mulinge akakosa. Wakashindwa.

Mulinge alijifunika uso kwa jezi. Ndolo alimwendea Wayua.

"Ningetupa mwenyewe?"

"Hapana. Ile pasi ilikuwa sawa. Nenda ukakae na Mulinge."

Mwaka uliofuata walilibeba kombe, Mulinge akiwa mfungaji wao bora.

Siku hizi Ndolo ni mwalimu kule Kambu, na ana timu yake ya wasichana. Juzi Wayua alienda kuwatazama. Alimkuta Ndolo akizunguka uwanja akipiga kelele mpaka sauti imekauka. Wakati wa mapumziko alimwita kando.

"Keti chini, Ndolo. Wanakusikiliza wewe badala ya kutazamana."

Ndolo akaketi.