Kinywa Kilichonyimwa Mrija

Nilipokuwa mwalimu kijana Nyabiyonza, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, kinywa changu kilikuwa kikitoa vidonda, vikipona, vikirudi. Vilikuwa vidogo vya mviringo, katikati vyeupe vyenye umanjano, ukingoni vyekundu. Vilikaa ndani ya mdomo wa chini au ubavuni mwa ulimi, vikaifanya ndizi ya moto kuwa adhabu, kisha vikatoweka bila kovu. Hayo niliyachunguza mwenyewe kwa kioo. Majirani hawakuchunguza, walisema tu.

Nilikwenda Igurwa kuwaona wazazi wa mchumba wangu. Kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, kiliwekwa kati, na wanaume wakanywa kwa mrija mmoja kama ilivyo ada. Uliponifikia, baba wa binti aliuzuia kwa kiganja. Nikaletewa kibuyu changu peke yangu. Kila aliyekuwapo alielewa: asiyeshirikishwa mrija haozwi.

"Mwalimu, tumesikia una kaswende ya kinywa," alisema baba wa binti.

"Shikamoo yangu umeipokea, mzee, basi pokea na swali. Mmesikia kwa nani?"

"Kwa watu."

"Watu hao walinifunua mdomo lini?"

"Kumbe ulimi wenyewe ni mzima!" alidakia shangazi wa binti, na nyumba nzima ikacheka.

Mimi sikucheka. Nilimwomba mzee tufuatane kwa daktari, asikie kwa masikio yake. Jibu ambalo ningelileta mwenyewe lingekuwa uvumi mwingine tu.

Daktari alinikagua, akapima damu, na tuliporudi kwa majibu akasema haikuwa kaswende. Vidonda vile haviambukizi. Chanzo chake hakijulikani kwa hakika: wengine huvipata wakijing'ata, wengine wakichoka au wakipungukiwa damu, na mara nyingi huandama ukoo. Nilipenda alivyokiri asichokijua.

Njiani, tulipokwisha kuvuka bonde, mzee alipunguza mwendo.

"Mama yangu alikuwa navyo," alisema. "Tulimtengea kikombe mpaka alipokufa. Hakuna aliyetuambia."

Tukatembea.

"Walete wazee wako kabla kahawa haijaiva," akasema. "Wakichelewa, tutakuwa mashambani."

Ulimi uliniuma vilevile jioni ile, nami nilikula ndizi za moto sahani nzima.