Kasi Saba kwa Ishirini

Leo nimepiga kelele mpaka majirani wamekuja!

Mjukuu wangu Stella anacheza mpira kule Ngumbo, kando ya ziwa. Msaka vipaji mmoja, anayechagua wachezaji kwa takwimu za gemu la mpira la kompyuta, alimkataa. Kwenye gemu, kasi yake ni saba kwa ishirini.

Nikampigia kocha wake, aliyewatumia wenye gemu takwimu hizo. "Mlimpimia wapi?"

"Ufukweni, mama."

"Mchangani? Pale hata mbwa hakimbii! Mpelekeni Mbinga, kwenye udongo mgumu."

(Miaka arobaini sijaukanyaga mchanga ule. Miguu yangu haijausahau.)

Leo wamempima Mbinga, msaka vipaji akiwapo.

Kumi na nane!

Stella kanipigia akihema. "Shikamoo, bibi! Nimechukuliwa! Ila wamenikimbiza mara tatu, hawakuiamini saa yao."

Nanyi mliokulia mchangani, nani aliwahi kuwapima vibaya?