Ua la Masista Halijashika

Mama yangu anasahau kila kitu isipokuwa ua. Anasahau kwamba amekula, anasahau kwamba baba alishafariki, na kuna asubuhi anasahau kwamba mimi ni mwanawe. Siku hizo, nikiingia chumbani kwake na chai, anajivuta kitandani, anakaa vizuri na kuniambia, "Shikamoo." Mama aliyenizaa ananiamkia mimi. Mara ya kwanza nilicheka, nikidhani ananitania. Sasa sicheki. Naweka chai mezani, natoka nje, nachota maji kwenye simtangi, nanawa uso.

Lakini ua halisahau. Ni aina ya salvia, ingawa kwetu hakuna aliyewahi kuliita hivyo. Jina hilo nililipata kwenye simu nikiwa mtu mzima. Kwetu ni nyanda za juu, kule ambako mwezi wa saba watu wakiongea mdomo hutoa mvuke, na mama alikuwa mpishi wa masista wa misheni. Sista wa bustani alimpa tawi wakati anaolewa, akalipanda nje ya mlango wa jiko, na tangu hapo likaitwa ua la masista. Buluu yake ni nzito, inakaribia wino, na kile kikombe kidogo kinacholibeba ua ni cheusi kabisa. Salvia za huku mjini nazijua, zile nyekundu zilizojaa kwenye viroba kando ya barabara ya Bagamoyo. Hii siyo hiyo. Nimeulizia kwa wauza miche kuanzia Tegeta hadi Mwenge. Kila mmoja aliniambia anayo, kisha akanionyesha kitu kingine kabisa bila haya.

Tulimhamishia mama kwangu Boko alipoanza kupotea njia akitoka kanisani, njia aliyoipita maisha yake yote. Baadaye kaka zangu wakauza nyumba. Sikupinga, maana nyumba isiyo na mtu inaanguka yenyewe. Tulimwambia mama, akalia kama mtu aliyeletewa taarifa ya msiba. Kesho yake akauliza nani anafagia uwanja wake, tukamwambia tena, akalia tena kilio kilekile, kipya. Baada ya siku kadhaa za namna hiyo nikawaambia kaka zangu kwamba mimi siwezi kumfisha mama kwa msiba mmoja kila asubuhi. Kama wanataka ajue, waje waishi naye. Tukaacha kumwambia. Kwa mama, nyumba bado ipo, na yeye yuko Boko kwa matembezi.

Kisha mdogo wangu aliyeolewa kulekule akanipigia simu. Aliyenunua nyumba alikuwa anatandaza matofali ya sakafu uwanja mzima, hataki kuona hata jani. Ua la masista lilikuwa limeshang'olewa na kutupwa nyuma ya choo. Mdogo wangu alilikuta pale, akakata matawi yaliyokuwa bado na uhai, akayafunga kwenye kipande cha kanga kilicholowa na kuyapandisha basi.

"Ndiyo hayo tu, dada," aliniambia. "Shina lenyewe limekwisha. Ukiyaua hayo, hakuna mengine."

Niliyapokea stendi ya Mbezi yakiwa yamelegea. Nikayakumbatia njia nzima.

Nieleze nilichokuwa nakitaka, maana baadaye watu waliniona kama nimechanganyikiwa. Nilijiaminisha kwamba mama akiliona lile ua likichanua, kitu fulani ndani yake kitarudi mahali pake. Hakuna daktari aliyeniambia hivyo. Lakini niliona jinsi anavyolitaja, akiwa na macho yaleyale ya zamani, na nikafikiri kwamba kama ua limebaki kichwani mwake basi huenda mimi nipo hapo karibu nalo. Nilitaka anitambue. Nilitaka aache kuniamkia shikamoo.

Nikakata vijiti chini ya vifundo, nikanyofoa majani ya chini, nikavichomeka kwenye vikopo vya mchanga na kuvifunika kwa chupa za maji nilizozikata katikati. Nilifuata kila nilichosoma. Baada ya siku chache vikaanza kuwa vyeusi kuanzia chini. Nikivigusa vinateleza. Joto la Boko halina huruma, na unyevu wake unaozesha hata nguo kabatini, sembuse kijiti kilichozoea ukungu. Nikahamisha vikopo uvunguni mwa kitanda, vikakosa mwanga. Nikavipeleka bafuni, vikaota ukungu wa aina nyingine. Nilikuwa natembea na vikopo ndani ya nyumba kama mtu anayebembeleza mtoto mwenye homa.

Jirani yangu, mama mmoja wa Mtwara mwenye ulimi usio na breki, alinikuta navimwagilia.

"Jirani, hayo maji si ya kisima?"

"Ndiyo."

"Maji yenyewe chumvi tupu, hata sabuni haitoi povu, halafu unalinywesha ua lililotoka kwenye baridi? Unaliua mwenyewe, unasingizia joto."

Nilikasirika kwa sababu alikuwa anasema kweli. Akarudi kwake, akaniletea ndoo ndogo ya maji yanayodondoka kwenye AC ya chumbani kwake. "Haya hayana chumvi. Mie nayatumiaga kwenye pasi tu. Nywesha hayo."

Vijiti vilivyobaki vikasimama. Kimoja kikatoa jani dogo, nikalitazama mpaka macho yakaniuma. Nikamwita mama aje aone, na hapo ndipo nilipofanya kosa.

Mama alikaa chini, akaondoa chupa, akakishika kijiti kwa vidole viwili na kukivuta kidogo. Kikatoka chote, kikiwa na weupe mdogo tu chini, mfano wa jino la mtoto linalotaka kuota.

"Bado," akasema. "Ua likishika linakukatalia." Akakirudisha mchangani, akakigandamiza kwa kidole gumba. Ndivyo alivyofundishwa na masista: unavuta kidogo, likikataa kutoka, limeshika. Na alikuwa sahihi. Ila mtu mwenye akili zake hujaribu mara moja akasubiri wiki ipite. Mama alijaribu, akaenda kunywa maji, akarudi akajaribu tena. Alisahau kwamba amejaribu. Kila alipokivuta alikata ule mzizi uliotaka kuanza.

Nikaweka vikopo juu ya kabati. Akapanda kiti, nikamkuta ananing'inia pale, nikamshusha. Nikavificha nyuma ya pipa. Akavipata kwa harufu, maana majani yake ukiyapitia karibu yananukia. Miwani yake haioni hata ikiwa usoni, lakini ua hili analipata.

"Mama, ukilivuta halitashika," nilimwambia, na sauti yangu haikuwa nzuri.

"Sasa nitajuaje kama limeshika nisipolivuta?"

Nikaingia jikoni nikabamiza mlango. Nilimchukia kwa dakika hizo, na nilijichukia kwa kumchukia, huku nikimsikia kule nje anaondoa chupa nyingine.

Vilipobaki vijiti viwili, mtu mmoja kwenye kundi la wapenda maua la simuni akasema anayo salvia kama yangu, yuko Kigamboni. Sikumaliza hata kusoma. Nikamwachia jirani mama, nikavuka daraja jua kali, nikarudi na mche wenye afya, una maua ya buluu tayari. Moyoni nilijua buluu yake ni nyepesi mno. Lakini nilikuwa nimefika mahali pa kutaka kumdanganya mama na mimi mwenyewe pamoja. Mama alinyofoa jani, akalifikicha, akanusa, akanirudishia mkononi kwa adabu.

"Hili siyo," akasema. "Lakini asante, dada."

Ile "dada" ilinimaliza. Nikakaa chini palepale uwanjani na kulia, na mama akanishika bega akiniuliza nimefiwa na nani.

Jirani ndiye aliyeniokoa, au nilidhani ameniokoa. "Lete hivyo vijiti kwangu," akasema. "Chumba changu usiku ni kama huko kwenu. Baba watoto anawashaga AC mpaka nalala na soksi. Dirishani pana mwanga. Ila akiuliza, utamweleza mwenyewe, asije akasema nimemwekea mambo yangu."

Kijiti kimoja kilikufa hata huko. Cha pili kilishika. Jirani hakukigusa wala kukisemesha, kama nilivyomwagiza. Tuliposubiri vya kutosha nikakivuta kidogo kwa vidole viwili, nikiwa nimezuia pumzi, kikanikatalia. Nilimkumbatia yule mama mpaka akanisukuma akisema nitamvunja mbavu.

Nikakihamishia kwenye chungu cha udongo, nikakiacha kikue kidogo, halafu nikakileta nyumbani asubuhi, mama akiwa amekaa barazani. Niliweka chungu mbele yake. Akanusa. Akavuta. Akavuta tena. Kisha akanitazama usoni, mimi, siyo dada wala mgeni.

"Mwanangu," akasema. "Umeliweza."

Nataka kukaa hapa. Ningeweza, ningeandika ukurasa mzima kuhusu zile dakika. Alinishika mkono, akaniuliza kwa nini nimekonda hivi, akanisema kwa kusuka nywele mitindo ya kitoto. Yote niliyoyaomba niliyapata, barazani kwangu, kabla chai haijapoa.

Kisha akasimama. "Haya, limeshika. Tufungashe, twende tukalipande nyumbani kabla mvua hazijaanza."

Nikamjibu, "Kesho." Akaenda chumbani akapanga kanga zake ndani ya begi. Kesho yake alikaa getini na chungu mapajani toka alfajiri. Nikasema mabasi yamejaa. Siku iliyofuata alikuwa palepale. Si kwamba alikuwa anakumbuka. Kila siku alisahau mimi ni nani, alisahau tulichoongea, lakini alivuta lile ua, likamkatalia, na safari ikaanza upya. Siku moja nilimkuta ametoka getini, amefika barabara ya lami, ameshika chungu kwa mikono miwili, magari yanampigia honi.

Naomba unielewe: nilijaribu kumwambia ukweli. Nilimkalisha, nikamwambia nyumba imeuzwa, uwanja umefunikwa, hakuna pa kulipanda. Alilia kilio kile ambacho sikutaka kukisikia tena maishani. Alilia huku amekumbatia chungu. Asubuhi habari ya nyumba ilikuwa imefutika. Ua lilikuwa bado limeshika, na mama alikuwa getini.

Basi nikafanya hivi. Alipokuwa anaoga, nilikata kitawi kimoja kwenye lile ua, nikakichomeka kwenye kikopo cha mchanga na kukifunika kwa chupa. Chungu chenyewe nikakirudisha dirishani kwa jirani. Mama alipotoka bafuni akaenda moja kwa moja kwenye kikopo. Akavuta, kijiti kikatoka.

"Bado," akasema, akakirudisha mchangani. Akaenda kutoa kanga zake kwenye begi, akazikunja moja moja, akazirudisha kabatini. Siku nzima alikuwa mtulivu.

Hivyo ndivyo tunavyoishi. Kwa jirani ua la masista limekuwa kichaka, limefika nusu ya dirisha, na juzi alinipigia simu kuniambia limechanua. Nilikwenda kuliona. Ni ileile buluu ya mlangoni kwetu, na vikombe vyake vyeusi. Nilikaa kwenye kitanda cha watu nikaliangalia peke yangu. Ningelikata hata ua moja nimpelekee, lakini hata kule mlangoni pa jiko letu halikuwahi kuchanua kabla ya kushika, na hilo mama analijua kuliko mtu yeyote. Akiliona, ataomba begi lake.

Kwa hiyo nachukua kitawi tu, kisicho na ua. Kila nikihisi kile cha kwenye kikopo kinakaribia kutoa mzizi, nakitupa na kuweka kingine. Zamani niliomba vishike. Sasa naamka nikiomba visishike, na nikimsikia mama anaondoa ile chupa barazani nasimama jikoni nikisubiri atasema nini.

Leo alivuta kikatoka. Akanikuta mlangoni nina machozi, na nadhani alifikiri nalilia kijiti. Sikujua kama amenitambua au la. Akanifuta uso kwa upindo wa kanga yake.

"Usikate tamaa, mwanangu," akaniambia. "Mimi nitakaa na wewe hapa mpaka lishike."