Bibi Alipomchagua Mwingine

Wivu ni kidonda, wasema watu, ukikishiriki utakonda. Mimi sikukonda. Nilizidi kunenepa, maana kila nilipotoka kwa Bibi na hasira zangu nilifika nyumbani nikala chapati tatu nikiwa nimesimama.

Bibi alikuwa Mhindi wa miaka tisini na kitu, nami ndiye niliyemtunza kwake Macquarie Fields, huku ughaibuni. Miaka mitatu nilimwogesha, nikamsuka nywele, nikajua chai yake inataka iliki ngapi. Kisha ofisi iliyoniajiri ikaleta mhudumu wa pili, mama wa Kikongo, mpole, Kiingereza chake bado cha kuokoteza. Wiki ya tatu tu, nikiwa jikoni naosha vyombo, nikamsikia Bibi akimsimulia jambo ambalo mimi sikuwahi kuambiwa.

Mkongo alikuwa amemweleza kwamba amepata uraia, na Jumamosi atapiga kura kwa mara ya kwanza maishani. Umri wake umepita hamsini. Bibi akazima televisheni. Akaanza habari za uchaguzi wa kwanza wa bunge la jimbo lao, jimbo dogo la India ambalo baadaye lilimezwa na jirani yake. Wakati huo alikuwa ameolewa juzijuzi. Karani alipopita nyumba kwa nyumba kuandikisha wapiga kura, mama mkwe wake alikataa kutaja jina lake mbele ya mwanamume asiyemjua. Mwanamke wa heshima hakufanya hivyo. "Andika mama wa fulani," akamwambia. Bibi, kwa utundu wa ujana, akalitaja la kwake.

Siku ya kura, akina mama wa fulani wote walikuwa wamefutwa kwenye daftari. Mama mkwe, aliyevaa sari yake ya harusi, alirudishwa langoni. Akabaki nje ya ua akimtazama mke wa mwanawe akiingia kulikokuwa na masanduku ya kura yenye picha, kila mgombea na lake.

"Jina lake nilikuwa nalijua," Bibi alisema. "Ningeweza kumwambia karani. Nilinyamaza."

Halafu akamwambia Mkongo, "Jumamosi tutaingia pamoja. Nataka nikushike mkono."

Nilisugua sufuria mpaka kidole kikachubuka. Uchaguzi uliopita ni mimi niliyempeleka! Na nilikuwa nimemsimulia kila foleni niliyopanga kwetu Kenya, jua na vumbi na maafisa wakorofi, naye alikuwa akiitikia tu na kuomba chai. Huyu mgeni alikuwa na nini ambacho mimi sina?

Kwa kuwa mimi ndiye mwenye gari, nilipewa kazi ya kumpeleka Bibi. Mkongo angekuja kwa basi, tukutane saa nne kwenye shule ya msingi kulikopigiwa kura. Saa moja na nusu nilikuwa mlangoni kwa Bibi. "Tuwahi," nikamwambia, "foleni ya leo si mchezo." Nilitaka apige kura akiwa ameshika mkono wangu, na mwenzangu akifika akute tumeshaondoka.

Bibi aliteremka garini, akaangalia huku na huku, akaketi kwenye benchi.

"Namsubiri," akasema.

"Bibi, jua litakuwa kali."

"Namsubiri."

Kukaa naye benchi moja kulinishinda. Nikaenda kujipanga peke yangu, na nilipofika mlango wa ukumbi nikasimama hapo kwa kisirani, nikiwapisha watu mmoja mmoja, maana kuingia bila Bibi sikutaka. Soseji zilizochomwa uani kuuziwa wapiga kura zilininukia. Foleni ikarefuka nyuma yangu hadi barabarani.

Saa nne Mkongo akashuka kwenye basi na kitenge kipya. Bibi akainuka mwenyewe bila kushikwa, jambo ambalo kwangu hakulifanya hata siku moja. Wakaja wameshikana mikono, wakaipita foleni yote mpaka niliposimama. Mkongo akanitazama, machozi yakamlenga, akaniuliza kwa Kiswahili cha kwao:

"Dada, ulikuya mapema hivi juu ya kunichungia nafasi?"

Bibi hakujua Kiswahili, lakini machozi ya Mkongo aliyaelewa, na saa niliyomtoa nyumbani aliijua vizuri. Alinikazia macho, akanyamaza.

"Ndiyo, dada," nikasema, nikasogea kando wapite.